Keki ya watoto isiwe mzani wa heshima

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona safu hii inazungumzia keki wakati yapo mambo mazito ya umma. Lakini mambo mazito aghalabu huanzia kwenye madogo tuliyoyaacha yapite. Swali langu ni hili: mzazi anapomwandalia mwanawe hafla, je, anawajibika kwa mwanawe peke yake, au pia kwa wazazi ambao zamu yao inafuata?

Kwanza niweke mpaka. Sizungumzii iwapo inafaa kuadhimisha siku ya kuzaliwa. Hilo wanachuoni wameshalijadili vya kutosha. Nazungumzia Idi, mtoto kuhitimu juzuu, au watoto wa mtaa kukusanywa wafurahi. Katika hafla hizo, hasa mijini, keki imekuwa kama lazima. Tena siyo keki tu, bali keki yenye umbo: gari, mwanasesere, uwanja wa mpira, ghorofa tatu. Picha hupigwa kabla watoto hawajaonja, na jioni hiyo hiyo mtaa mzima umeshaiona kwenye simu.

Matokeo yake ni nini? Jirani yangu mmoja alimzuia binti yake kwenda kwenye hafla kwa kisingizio cha mafua. Baadaye aliniambia ukweli. Binti naye alikuwa karibu kuhitimu, na baba hakuwa na uwezo wa kuagiza keki kama ile. Akaona heri mtoto asiione kabisa, asije akaitamani. Hivyo ndivyo furaha ya nyumba moja inavyogeuka deni la nyumba ya pili.

Wapo watakaosema: mali ni yangu, ni ya halali, na neema haifichwi. Ni kweli, na mwokaji naye anapata riziki yake. Aya ya 31 ya Suratul A'raf imeruhusu kula na kunywa, ikazuia kupita kiasi. Lakini je, kiasi hupimwa kwa mfuko wa mtoaji peke yake? Mimi naona sivyo. Jambo linalorudiwa mbele ya majirani huwa ada, na ada humbana asiyenacho kuliko mwenye nacho. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo, lakini kila mmoja wetu anaiongezea nguvu.

Na watoto wenyewe wanataka nini? Wanataka kitu kitamu chenye sura wanayoitambua. Hilo halihitaji fundi. Chukua vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha sukari, siagi robo kilo, mayai manne, vijiko vidogo viwili vya beking pauda, maziwa kidogo na iliki. Piga siagi na sukari mpaka zilainike, tia mayai moja moja, kisha unga na maziwa. Oka katika sufuria ya duara iliyopakwa siagi. Kwa jiko la mkaa, moto uwe mdogo chini na mwingi juu ya kifuniko. Choma kwa kijiti. Kikitoka kikavu, imeiva.

Ikipoa, ikate katikati upate nusu mbili. Zigeuze ili migongo ya duara igusane, na tayari una kipepeo mwenye mabawa mawili. Hakuna kipande kilichotupwa. Panga tende mstari mmoja katikati ziwe mwili wake, na vipande viwili vyembamba vya ganda la chungwa viwe pembe. Koroga sukari laini ya kupambia keki na maji ya ndimu, tia matone ya maji ya bitiruti ipate rangi, upake mabawa. Waache watoto wapake wenyewe. Itatoka upande upande, lakini watajua kwamba wameitengeneza kwa ajili ya wenzao, na hilo ni funzo ambalo keki ya kununua haliwapi.

Je, huu ni ubahili? Hapana. Bahili hupunguza ili abaki nacho. Hapa mtu anapunguza ili mwenzake asidhalilike. Mwenye uwezo bado anayo nafasi ya kutoa: badala ya ghorofa tatu, aoke vipepeo vitatu, aalike watoto zaidi, na apeleke sahani kwenye nyumba ambazo mialiko haiwafikii.

Nawashauri pia wazazi wa madrasa wakubaliane kabla ya siku ya kuhitimu: keki za aina moja kwa watoto wote, kila mzazi achangie anachoweza, na kiasi cha mchango wa mtu kisitangazwe. Hapo mtoto wa jirani yangu hatahitaji kuuguzwa mafua asiyokuwa nayo.