WAZO LA LEO: Sauti zisizomo simuni

Ukiiachia simu ichague nyimbo yenyewe wakati wa kuanika karafuu, hujui nani wa taarabu atafuata: mwimbaji Bi Kidude, kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa au mwimbaji Siti binti Saad, aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928. Siti alifariki mwaka 1950, lakini hadi leo sauti yake inasikika Wete na Chake Chake, kwa kuwa ilihifadhiwa kwenye santuri. Nikimsikiliza, nawakumbuka wazee wetu wa Pemba walioimba harusini na kwenye ngoma ya msewe bila kurekodiwa na yeyote. Nyimbo zao nazo ni hazina. Leo mwombe mzee mmoja akuimbie wimbo aupendao. Mrekodi, kisha muulize alifunzwa na nani.