Sadaka Haifuniki Deni

Wapendwa, mwaka 1821 kule Pennsylvania, Marekani, wakili kijana Thaddeus Stevens alimtetea mwenye watumwa. Mama mmoja, Charity Butler, alidai uhuru kwa sababu, ukijumlisha safari zake, alikuwa amekaa jimbo hilo miezi sita. Stevens akasema lazima miezi ifuatane. Akashinda. Mama na watoto wake wakabaki utumwani.

Baadaye Stevens aligeuka kabisa. Akiwa mbunge, alipigania marekebisho ya katiba yaliyokomesha utumwa mwaka 1865. Alipofariki 1868, alizikwa alikochagua mwenyewe: makaburi yasiyobagua rangi.

Sasa swali linanisumbua: je, wema ule ulimlipa Charity? Mimi naona hapana. Uliwafaa mamilioni, lakini deni la yule mama lilibaki palepale.

Nasema hivi kwa sababu kuna jirani niliyemtolea ushahidi wa uongo kwa chifu, kesi ya mpaka wa shamba. Miaka yote hiyo natoa sadaka, nikidhani itafunika. Lakini Zakayo hakuwakumbuka maskini tu. Aliahidi pia kuwarudishia aliowadhulumu.

Jumatatu naenda kwa jirani. Na wewe, mpendwa, unaenda kwa nani?