Tarehe ya Kutoka



Nakuandikia kutoka Morogoro, mji kasoro bahari. Juni imeingia, baridi ya kipupwe inauma, na asubuhi Uluguru yote imejifunika mawingu. Kule Ulaya na Marekani ni kiangazi, miezi ambayo makampuni ya filamu huachia kazi zao kubwa. Basi kwenye grupu letu la vijana hakukaliki! Trela zinarushwa, siku zinahesabiwa, na wengine tumeshaanza kuweka akiba ya nauli ya SGR twende Dar tukaangalie ukumbini. Wasio na nauli watangoja ifike kibanda umiza, dijei aitafsiri.

Sisemi kupenda filamu ni dhambi. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikani yenyewe ilitoa orodha ya filamu 45 zilizo bora. Kilichonichoma mimi ni kingine.

Wiki iliyopita nilimpigia bibi yangu, anaishi Matombo, upande wa pili wa milima. Nikamwambia Jumamosi sitakwenda, nina safari ya Dar. Hakulalamika. Aliuliza tu, "Sasa mjukuu wangu, utakuja lini?" Nikajibu, "Nikipata nafasi, bibi."

Nilipokata simu nikaona aibu. Tarehe ya filamu naijua mpaka saa yake. Ya bibi ni "nikipata nafasi". Na ya kwenda kuungama? Hiyo nayo ni "nikipata nafasi", tangu Kwaresima.

Unamkumbuka Steven Kanumba? Alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi Kuu, tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Kesho yake ilikuwa Pasaka. Kuna filamu zake ambazo mashabiki walikuwa bado wanazisubiri. Zilitoka, watu wakaziangalia, lakini yeye mwenyewe hakuwepo. Filamu ina tarehe ya kutoka. Wewe na mimi hatuijui tarehe yetu.

Soma Mathayo 25:1-13. Wale wanawali kumi wote walikuwa wanamsubiri bwana arusi, na wote walisinzia. Kilichowatofautisha ni mafuta. Na sisi tunajua sana kuandaa mafuta, tusidanganyane! Kwa ajili ya filamu tunanunua bando, tunatunza nauli, tunarudia sehemu ya kwanza ili ya pili isitupite. Moyo wa kungoja tunao, Mungu ametupa. Swali ni hili: Kristo naye tunamwekea akiba gani?

Mimi nimeanza. Jana nimempigia bibi tena na kumpa tarehe: Jumamosi hii, gari la kwanza, kupitia Kiroka na Mkuyuni, na kilo mbili za sukari mkononi. Alicheka mpaka simu ikakwaruza. Ijumaa jioni, kabla ya safari, nakwenda kuungama. Filamu nitaikuta wiki inayofuata, haikimbii.

Na wewe, chukua simu yako sasa hivi. Palepale ulipoandika tarehe ya filamu, andika na tarehe ya kitubio, na ya yule anayekusubiri nyumbani.

Tusali: Ee Bwana Yesu, tunajua kuzingoja picha zipitazo. Tufundishe kukungoja wewe, taa zetu zikiwaka. Amina.