Bahari Katika Sanduku la Kioo



Tulipotumwa Dar es Salaam kwa mkutano wa kanisa, sisi watu wanne wa parishi hii, tulipangiwa kulala siku mbili katika hoteli moja mjini. Tulifika jioni na mizigo yetu na vumbi la safari. Tulipoingia ukumbini tulisimama sote bila kuambiana. Mbele yetu, kutoka sakafuni hadi kupita kimo cha mtu, palikuwa na sanduku kubwa la kioo, na ndani yake bahari.

Hatusemi picha ya bahari. Palikuwa na mwamba wa matumbawe ulio hai, wa rangi ya zambarau, ya kijani na ya asali. Mengine yana matawi kama pembe za paa, mengine yamekunjamana kama ubongo. Kangaja walipita makundi kwa makundi. Samaki mdogo wa rangi ya chungwa, mwenye mistari myeupe, alijificha kati ya vidole vya kiumbe kinachofanana na ua, akachungulia, akarudi. Wenzetu wawili walikuwa hawajawahi kuiona bahari ila kwa mbali. Mzee mmoja wetu alivua kofia kama aingiaye kanisani.

Kijana anayelitunza tangi lile alikuja akatuamkia, “Shikamooni, wazee wangu.” Tukaitikia, naye akatueleza kazi yake kwa subira. Matumbawe si mawe, wala si mimea. Ni wanyama wadogo mno, waishio maelfu pamoja, na kila mmoja hujijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao hukaa mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo hupika chakula kwa nguvu za mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Basi maji yakichafuka, mwanga haufiki. Na mwanga usipofika, mpangaji na mwenye nyumba huona njaa pamoja. Tena joto likizidi kidogo tu kwa muda mrefu, humtoa mpangaji wao, wakabaki weupe kama mifupa. Kwa hiyo kijana yule hupima joto, hupima chumvi, huchuja maji mchana na usiku, na umeme ukikatika hukimbilia jenereta kabla ya kufikiri jambo lingine lolote.

Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, mwenyeji wa upande wa Matombo, aliyekuwa kimya muda wote, akamwuliza, “Mwanangu, maji haya mnayateka baharini?”

“Hapana, mama. Ni ya bomba. Tunayachuja mpaka yawe safi kabisa, kisha tunatia chumvi yake kwa kipimo.”

“Ya bomba,” akarudia mama. Akatugeukia. “Basi haya ni ya kwetu.”

Alisema kweli. Maji mengi ya bomba ya Dar es Salaam hutoka mto Ruvu, na Ruvu hupata maji yake mengi katika misitu ya Uluguru. Mvua inayonyesha juu ya vijiji vyetu ndiyo iliyokuwa ikizunguka mbele yetu ndani ya kioo, imetiwa chumvi, inalisha matumbawe.

Usiku ule tulikula polepole, maana mabishano yalikuwa matamu kuliko chakula. Swali letu lilikuwa hili: Je, ni haki kumfungia kiumbe cha Mungu ndani ya kioo ili sisi tumtazame tukila?

Mmoja wetu alisema kwamba hilo ni gereza, hata kama limepambwa. Samaki hakutenda kosa. Bahari ilikuwa yake, akaletwa apambe ukumbi wa watu wenye fedha. Akatukumbusha habari ya mji wa Berlin, Ujerumani. Huko palikuwa na hoteli iliyokuwa na nguzo ya kioo iliyojaa maji ya chumvi, lita milioni moja, na samaki wapatao 1,500. Watu walipanda katikati yake kwa lifti. Alfajiri ya tarehe 16 Desemba 2022 kioo kilipasuka, maji yakafurika hadi barabarani, na karibu samaki wote wakafa. “Aliyejenga bahari yake mwenyewe,” alisema ndugu yetu, “ajue pia kwamba hana mkono wa kuishika.”

Mwingine akajibu kwa habari iliyo karibu nasi zaidi. Katika Milima ya Udzungwa, mpakani mwa mikoa ya Morogoro na Iringa, kuna maporomoko ya Kihansi. Hapo, mwaka 1996, waligunduliwa vyura wadogo wa rangi ya dhahabu, wasiofika urefu wa sentimita tatu, wasiotaga mayai bali huzaa watoto kamili. Duniani kote waliishi mahali pale tu, penye manyunyu ya maporomoko. Lakini maji yale yale yalitakiwa kwa umeme, na taifa lilihitaji umeme kweli. Mto ulipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 vyura karibu 500 walichukuliwa hadi Marekani, wakafugwa ndani ya visanduku vya kioo huko New York na baadaye Toledo. Mabomba ya kunyunyiza maji yaliwekwa bondeni, lakini ugonjwa nao ukawaingia vyura waliobaki, na mwaka 2009 ilitangazwa kwamba hawapo tena katika makao yao. Waliosalia walikuwa ndani ya kioo tu. Ndipo mwaka 2010 baadhi yao walirudishwa Dar es Salaam, na tangu mwaka 2012 wakaanza kuachiliwa tena Kihansi. “Bila gereza lako,” alisema, “vyura wale tungewasimulia kama hadithi.”

Tunaona wote wawili walisema kweli, na tofauti iko mahali pamoja. Nuhu naye aliwafungia viumbe. Hawakuona jua kwa siku nyingi, wala hatusomi kwamba waliulizwa kama wanapenda. Lakini safina ilijengwa ikiwa na mlango, na aliyeufunga alikusudia ufunguliwe siku moja. Sanduku lenye mlango ni safina. Lisilo na mlango ni gereza, hata likiwa na taa nzuri namna gani. Vyura wa Kihansi walikuwa safarini. Je, samaki wa hotelini wanangoja nchi gani kavu, au tuseme bahari gani?

Hapo tungaliweza kwenda kulala tukijiona wenye hekima, kama si mama wa Matombo. Yeye hakubishana juu ya tangi. Aliuliza, “Kijana yule anayachuja maji yetu kwa sababu matumbawe yatakufa kwa uchafu. Na yale yanayopita bila kuchujwa?”

Ndugu zangu, Ruvu haiishii kwenye bomba. Yasiyonywewa huingia baharini karibu na Bagamoyo, na wakati wa masika huingia yakiwa mekundu. Wekundu ule ni udongo wa mashamba yetu. Matumbawe hayastawi penye tope. Tope huyafunika na kuyaziba mwanga, jinsi kijana alivyotueleza. Kweli, ya pwani yetu yameumizwa na mengi: joto kubwa la bahari la mwaka 1998, baruti za wavuvi, nyavu za kukokota. Tope ni moja tu kati ya hayo. Lakini ndilo lililo letu.

Tazameni basi jambo la ajabu. Maji ni yale yale, na matumbawe ni ya namna ile ile. Ndani ya kioo tunayalinda usiku na mchana; nje ya kioo tunayamwagia udongo wala hatujui. Kwa nini? Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Tunapenda kilicho mbele ya macho, na kilicho na mwenyewe wa kukigharimia. Kilicho mbali, kisicho na msemaji, tunakisahau bila chuki yoyote. Hilo ndilo la kutisha: madhara makubwa hayahitaji chuki.

Wengine watasema, kumpenda jirani usiyemwona hakuwezekani. Lakini imani yetu yote imesimama juu ya jambo hilo. Tomaso alitaka kuona na kugusa, Bwana akamkubalia kwa huruma, ila akawasifu zaidi wale watakaoamini bila kuona. Tunadhani kuna upendo wa namna hiyo pia. Kioo cha hoteli kilitufaa kama vile majeraha yalivyomfaa Tomaso: kimeonyesha, na sasa hatuna udhuru. Mvuvi wa Bagamoyo anayetegemea mwamba ule ni jirani yetu. Hata kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, kuta zake ni za mawe ya matumbawe. Viumbe vile vidogo vimebeba sala za Waanglikana kwa zaidi ya miaka mia moja.

Wala mtu asisimame mjini kutuhukumu watu wa milimani. Anayelima ukingoni mwa kijito analima kwa sababu watoto wanakula kila siku. Wakoloni walijaribu kuuokoa udongo wa Uluguru kwa amri: watu walilazimishwa kuchimba matuta, nao mwaka 1955 wakakataa kwa fujo, mtu akafa, na mpango ukaanguka. Udongo haukuokolewa kwa fimbo. Baadaye, tangu mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yalijaribu njia nyingine upande wa Kibungo: mkulima apandaye miti na kushika udongo alipwe kwa ajili ya wanaokunywa maji huko chini. Hapo palikuwa na haki zaidi, maana mzigo wa jirani ulibebwa na pande mbili.

Lakini sisi tuna jambo letu. Wasomaji wengi wanalijua shamba la parishi, lile la maharage na mboga, lililolipia nusu ya mabati ya kanisa. Linashuka mpaka kwenye kijito. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji, nasi tumelima mpaka tunaosha majembe bila kupiga hatua. Tumehubiri juu ya uumbaji Jumapili, na Jumatatu tumeupeleka udongo wake baharini. Tuliorudi safarini tulipima kwa kamba. Tukiiacha sehemu ile, tutapoteza karibu theluthi ya shamba, na madirisha bado hayana vioo.

Halmashauri ya Parishi italijadili jambo hili mwezi ujao. Hatuandiki haya ili kuwafunga midomo wanaopinga. Hoja yao ni ya kweli, na upepo wa milimani mnaujua. Twaomba tu kila mmoja aje akiwa amefikiri. Mama wa Matombo yeye amekwisha kusema lake: yuko tayari kusali na baridi mwaka mmoja zaidi.