Mahali pa Kuvulia ni pa Nani?

Ziwa Nzilo, karibu na Kolwezi, halikuwako zamani za babu zetu. Lilitokea miaka ya 1950, mto Lualaba ulipozibwa kwa ukuta ili kupata umeme wa migodi ya shaba. Basi hakuna awezaye kusema: “Pembe hii ya ziwa nimeirithi.” Lakini mvuvi afikaye alfajiri na kutega wavu wake, je, hana haki?

Twasema anayo. Ametangulia, tena amefanya kazi. Ajaye nyuma amwamkie, akae mbali kidogo, asitege juu ya wavu wa mwenzake, wala asipige maji na kuwatawanya samaki. Huo ndio uungwana.

Ila haki hiyo ina mpaka. Katika karne ya 4 Mtakatifu Basili alitoa mfano wa mtu aliyewahi kiti mahali pa michezo, kisha akawazuia wengine wasiingie. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliupima mfano huo akaamua: kutangulia si kosa, kosa ni kuwafungia wenzako njia.

Nasi tupambanue hivyo. Wavu ni wako, jasho ni lako, samaki walionaswa ni wako. Maji si yako. Anayeacha vijiti vyake majini siku nzima bila kuvua, ili jirani asipate nafasi, halindi haki. Anawanyima wenziwe chakula cha watoto wao. Ndugu mvuvi, ukimaliza, ng’oa vijiti vyako, umwite yule aliyekungoja.