Kufuli la Uingereza na Macho Yetu

Mama mmoja ameniuliza kwa nini serikali isifunge hizi picha chafu kabisa, zisifike kwa simu. Nikamwambia Uingereza wameanza. Tangu 25 Julai 2025, mitandao inayoonyesha ngono lazima ihakikishe umri wa mtu kwanza: kwa picha ya uso, kwa kitambulisho, au kwa kadi ya mkopo. Kampuni ikikaidi, Ofcom, ambao ndio wasimamizi, wanaweza kuitoza faini hadi pauni milioni 18 au asilimia 10 ya mapato yake ya dunia nzima, ile iliyo kubwa zaidi.

Mimi naiunga mkono. Mtoto wa miaka 10 hafai kukutana na mambo hayo.

Lakini siku hizo hizo watu wengi walikimbilia programu za VPN, zile zinazofanya simu ionekane iko nchi nyingine. Na wewe mzazi, sikiza: ukimwachia mtoto simu yako na namba ya siri, umemwazima na umri wako.

Halafu kuna sisi wanaume. Sheria ile inauliza tu kama umefika miaka 18. Mzee wa kanisa wa miaka 50 anapita bila swali, mkewe amelala hapo kando. Ayubu hakungoja serikali. Alipatana na macho yake mwenyewe. Ni sura ya 31, mstari wa kwanza kabisa. Usome polepole.

Ndugu, kama jambo hili limekufunga, Jumatano baada ya maombi ya mchana niko ofisini. Njoo peke yako. Siandiki jina la mtu.