Mtoto ni Amana: Haki za Mwalimu, Mzazi na Mwanachuo

Bismillahir-Rahmanir-Rahim

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kumpa mwanadamu ilmu baada ya ujinga. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, aliyetumwa kuwa mwalimu wa watu, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baadu. Katika miji ya pwani, tangu Lamu na Mombasa hata Unguja, mtoto akifika umri wa kusoma hushikwa mkono na babake akatiwa chuoni. Baba humsalimu mwalimu, humkabidhi mwana, na wako wanaoongeza maneno yaliyozoeleka: nyama yako, mifupa yangu. Maana yake, mpige utakavyo, maadamu hukumvunja. Mzazi huyasema kwa adabu, akikusudia kumtukuza mwalimu. Walakin maneno haya yana suali zito ndani yake. Je, baba anayo haki ya kuitoa nyama ya mwanawe? Na mwalimu akipewa mtoto, amepewa nini khasa?

Jawabu ni kwamba mtu hawezi kutoa asichokimiliki. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ameeleza katika Ihya kwamba mtoto ni amana mikononi mwa wazazi wake, na moyo wake ni johari safi isiyotiwa nakshi bado. Basi baba mwenyewe ni mwekwa amana, na Mwenye mali ni Mwenyezi Mungu. Ampelekapo mwanawe chuoni huwa amemshirikisha mtu wa pili katika kuichunga amana ile ile, wala hakumuuzia kitu. Na hukumu ya amana yajulikana hata na wachuuzi wa sokoni: mwenye kuwekewa kitu akikichezea kikaharibika, atalipa. Ndiyo maana wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamesema kwamba mwalimu akimpiga mtoto kwa kumtia adabu, na mtoto akafa kwa kipigo hicho, mwalimu yuko katika dhamana. Nia yake njema haimwondolei deni.

Akishajua mwalimu ya kuwa amechukua amana, haki zote nyingine hufuata.

Haki ya kwanza ni ya mwanachuo kwa mwalimu wake, nayo ni huruma. Ghazali ameiweka mbele ya kazi zote za mwalimu: awaone wanafunzi kama wanawe wa kuwazaa. Tena akasema, mwanafunzi akikosa akanywe kwa ishara kabla ya kukanywa kwa maneno ya wazi, kwani kumkaripia wazi hupasua pazia la haiba. Yapasa kulitazama jambo hili vizuri. Mtoto anayestahi huogopa kuonekana na kosa. Akifedheheshwa mbele ya wenziwe mara moja, mbili, tatu, ile haya hukatika, na haya ikikatika mwalimu hana tena kamba ya kumshika kwayo ila bakora. Na bakora mtoto huizoea.

Tena autazame mfano wa Mtume, rehema na amani zimfikie. Imamu Muslim ameipokea khabari ya Muawiya bin al-Hakam as-Sulami, naye si yule Muawiya aliyekuwa khalifa. Mtu huyu alikuwa mgeni katika dini. Alisali nyuma ya Mtume, mtu mmoja akapiga chafya, naye akamwombea rehema kwa sauti. Watu wakamkodolea macho. Akazidi kusema, akiuliza wana nini wanaomtazama hivyo. Wakapiga mapaja yao kwa mikono ili anyamaze. Sala ilipokwisha, Mtume hakumkemea, wala hakumpiga, wala hakumtukana. Alimweleza tu kwamba sala haifai maneno ya watu, bali ni tasbihi na takbiri na kusoma Kurani. Muawiya akashuhudia kwamba hakupata kumwona mwalimu mwema kuliko yule, si kabla wala si baada. Kosa lilikuwa ndani ya sala, mbele ya safu nzima ya watu, na hata hivyo mkosaji alirudi kwake amejua hukumu na amempenda mwalimu. Mwalimu wa chuo ambaye mtoto wake amekosea harufi moja na ajipime kwa khabari hii.

Wako watakaosema: Mtume mwenyewe ameamrisha watoto waamrishwe sala wakiwa na miaka saba, na wapigwe kwa ajili yake wakiwa na miaka kumi. Hadithi hiyo ipo, ameipokea Abu Daudi. Lakini na ihesabiwe. Baina ya saba na kumi ni miaka mitatu; na mwaka wa Kiislamu una siku 354, na kila siku ina sala tano. Hizo ni sala zaidi ya 5,300 ambazo mzazi ameamrisha na kukumbusha kwa ulimi, kabla ya kuinuliwa mkono mara moja. Ni nani katika wanaoitaja hadithi hii aliyetimiza nusu ya subira hiyo? Mwenye kuushika mwisho wa hadithi na kuuacha mwanzo wake amejitafutia hoja, hakutafuta sunna.

Wanazuoni wa kale nao waliweka mipaka. Ibn Sahnun wa Kairawani, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra, aliandika kitabu cha adabu za walimu. Humo mwalimu hazidishi mapigo matatu ila kwa idhini ya baba, wala hampigi mtoto kichwani wala usoni, wala hampigi kwa ghadhabu zake mwenyewe. Na Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808, akaonyesha sababu: mtoto aliyelelewa kwa ukali na kushindwa nguvu, nafsi yake hudhikika na bidii yake humtoka, akajifunza uwongo na hila ili aokoke na mkono ulio juu yake, kisha hila hiyo ikawa ndiyo tabia yake. Maneno haya yana zaidi ya miaka 600, na kila mwenye chuo ameyaona kwa macho yake: mtoto aagaye nyumbani kwamba aenda chuoni, akenda pwani kuogelea, na akiulizwa chuoni husema aliuguliwa na mama. Huyo amekwisha kufundishwa, lakini hakufundishwa Kurani.

Watu husema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini mithali yasema mkunje, haikusema mvunje.

Haki ya pili ni usawa. Mwana wa tajiri na mwana wa mchukuzi wakae jamvi moja. Mwenye kuwa na shaka na aisome Surat Abasa, ajue iliteremka kwa sababu ya nani: kipofu mmoja, Ibn Umm Maktum, aliyekuja kutaka ilmu wakati Mtume ameshughulika na wakubwa wa Kureshi. Na katika pwani hii, Habib Saleh wa Lamu aliwafundisha watoto wa watu wanyonge na wa waliokuwa watumwa, zama ambazo wengi waliona ilmu si yao. Msikiti wa Riyadha ni ushahidi wa kazi hiyo mpaka leo. Mwalimu amsikilizaye kwanza yule ambaye babake huleta ada nono ya Alkhamisi, huwa amewafundisha watoto wote somo moja wasilolisahau: kwamba ilmu ni bidhaa.

Haki ya tatu ni ya mzazi kwa mwalimu. Mzazi aambiwe kweli ya mwanawe, njema na mbaya, na aambiwe kwa siri na kwa wakati wake, isiwe akutane na aibu ya mtoto barazani. Na watoto wasitumwe maji na kuni za mwalimu na kulimishwa shamba lake pasi na idhini ya wazazi; Ibn Sahnun alikwisha kulikataza jambo hili, kwa kuwa saa za mtoto ni za kusoma.

Haki ya nne ni ya mwalimu kwa mzazi, nayo ndiyo isahauliwayo zaidi. Mwalimu ana watoto wa kulisha. Mzazi amcheleweshaye ada kwa miezi, kisha akamlaumu kwamba mwana hajahitimu, amedhulumu mara mbili. Na iliyo kubwa kuliko ada ni ulimi. Mtoto akirudi na mashtaka, baba akamtukana mwalimu mbele yake, kesho yake mtoto huyo hafundishiki na mtu. Yapasa amsikilize mwanawe mpaka mwisho, kwani huenda amedhulumiwa kweli. Kisha aende mwenyewe kwa mwalimu, wakae wawili, waulizane. Mwana akionekana na alama za kipigo, hiyo si siri ya chuo: baba asinyamaze kwa kumstahi mwalimu, kwani aliyewekewa amana hunyamazaje nayo yaharibika? Harun ar-Rashid alipomkabidhi mwanawe Al-Amin kwa mwalimu, Ibn Khaldun amesimulia, alimpa mamlaka na kumtaka mtoto amtii. Lakini katika wasia ule ule akamwagiza asimhuzunishe hata akaiua akili yake, na amnyoshe kwanza kwa ukaribu na upole. Khalifa alitoa utii wa mwanawe, nyama hakuitoa.

Zikitimia haki hizi, haki ya tano huja yenyewe, nayo ni heshima ya mwanachuo kwa mwalimu. Heshima haishurutishwi. Khofu yaweza kushurutishwa, nayo humwinamisha mtoto mwalimu angali yupo na huondoka pamoja naye. Heshima hubaki hata mwalimu akiwa kaburini: mtu mzima apitapo mbele ya chuo alichosoma akasimama, akamsomea Fatiha aliyemfundisha alifu, hakuna bakora iliyomsimamisha hapo.

Basi siku ya kumtia mwana chuoni, baba na aseme neno jingine: huyu ni amana ya Mungu kwangu, na leo imekuwa amana kwako pia. Na mwalimu aitikie: nimeipokea. Kisha kila mmoja akumbuke Siku ambayo wawili hao wataulizwa juu ya mtoto mmoja.

Mwenyezi Mungu awarehemu walimu waliotangulia, awape subira waliopo, na awafanye watoto wa Kiislamu kuwa tuo la macho ya wazazi wao. Amin.